Paul Ehrlich, munganga aliyezipa chembe nyeupe za damu rangi na majina

Ukipimwa damu Goma, Bukavu, Bunia ao Kalemie, karatasi unayorudishiwa kutoka labo huwa na herufi fupi fupi: GE kwa malaria, Hb kwa wingi wa damu, GB kwa hesabu ya chembe nyeupe, kisha FL. Wagonjwa wengi hutafuta GE, wakiiona wanakunja karatasi na kwenda kununua dawa. Lakini ile FL, yaani mgawanyo wa chembe nyeupe kwa aina zake, ndiyo humwambia munganga kama mwili unapigana na bakteria, ao na minyoo, ao kama kuna jambo baya zaidi ndani ya uboho wa mifupa. Aliyefanya hesabu hiyo iwezekane ni Mjerumani mmoja aliyependa rangi za viwandani kuliko masomo ya darasani.

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi 1854 katika mji mdogo wa Strehlen, jimbo la Silesia, ambalo wakati ule lilikuwa chini ya ufalme wa Prussia. Leo mji huo uko Poland na unaitwa Strzelin. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi. Baba yake, Ismar, alikuwa na nyumba ya wageni, alitengeneza pombe kali na kusimamia bahati nasibu ya serikali katika eneo lake. Kwa upande wa mama, Rosa Weigert, alikuwa na ndugu aliyemzidi miaka tisa, Karl Weigert, munganga wa kuchunguza maiti na nyama za mwili. Weigert alikuwa kati ya watu wa kwanza kutia bakteria rangi ili waonekane kwenye mikroskopi. Kijana Paul aliona mambo hayo, na kuanzia hapo akashikwa.

Tukumbuke hali ya wakati ule. Mwaka 1856, Paul akiwa na miaka miwili, kijana Mwingereza William Perkin aligundua kwa bahati kwamba kutoka kwenye lami ya makaa ya mawe mtu anaweza kupata rangi ya zambarau ya kutia nguo. Katika miaka iliyofuata Ujerumani ilijaa viwanda vya rangi: nyekundu, buluu, kijani, njano, kila mwaka mpya. Wenye viwanda walifikiria hariri na pamba. Ehrlich alijiuliza swali lingine kabisa: kwa nini rangi moja inashika kitu hiki na kukiacha kile kilicho pembeni yake? Kama rangi inachagua, basi kuna sababu ndani ya kile kinachochaguliwa, na sababu hiyo inaweza kusomwa.

Alisoma Breslau, Strassburg, Freiburg na Leipzig. Hakuwa mwanafunzi wa mfano. Meza yake ilikuwa imejaa madoa ya kila rangi, na inasimuliwa kwamba Robert Koch alipotembelea Breslau mwaka 1876, walimuonyesha kijana Ehrlich kama mtu hodari sana wa kutia rangi ambaye hatafaulu mitihani kamwe. Alifaulu. Mwaka 1878 alipata udaktari Leipzig kwa kazi iliyohusu kutia rangi nyama za mwili. Ndani ya kazi hiyo mna seli ambayo hakuna aliyekuwa ameitenga vizuri kabla yake, iliyojaa punje nyingi ndani yake. Ehrlich alidhani punje hizo ni chakula kilichowekwa akiba, akaiita kwa neno la Kijerumani la kunenepesha mifugo. Maelezo hayo hayakuwa sahihi, lakini jina limebaki: mpaka leo wanganga wanasema seli za mast, na tunajua kwamba zinahusika na mizio, ile hali ya mwili kuvimba na kuwasha ukikutana na kitu usichokipatana nacho.

Mwaka huo huo wa 1878 aliingia hospitali kubwa ya Charité, Berlin, chini ya Profesa Theodor Frerichs. Frerichs alimwachia nafasi ya kufanya utafiti wake. Hapo ndipo damu ilipochukua maisha yake.

Chembe nyeupe zilikuwa zinajulikana tayari. Watu walizihesabu na kuzieleza kwa ukubwa na umbo. Shida ni kwamba damu mbichi chini ya mikroskopi haionyeshi mengi: vitu vilivyopauka vinavyoelea kati ya chembe nyekundu. Ehrlich alitandaza tone la damu jembamba sana kati ya vioo viwili, akavitenganisha, akaacha ikauke, kisha akaipasha moto juu ya bamba la shaba. Bamba lilipashwa upande mmoja tu, hivyo kwa kusogeza kioo karibu ao mbali na moto alipata joto alilolitaka. Joto lilishikiza damu kwenye kioo bila kuiharibu, na sasa angeweza kuitia rangi yoyote.

Halafu akatumia jambo ambalo watu wa viwanda walilijua lakini wanganga hawakulijali: kuna rangi zenye asili ya asidi, na kuna rangi zenye asili ya besi, kinyume cha asidi. Eosini, rangi ya waridi iliyo ya asidi, ilishika punje kubwa za chembe fulani na kuzifanya zing'ae kama makaa. Chembe hizo akaziita eosinofili, zile zinazopenda eosini. Hiyo ilikuwa 1879. Nyingine zilishika rangi za besi peke yake: basofili. Akachanganya rangi za pande mbili, na mchanganyiko huo ukashika punje ndogo sana za kundi la tatu, lile lililo kubwa zaidi katika damu ya mtu mzima: neutrofili. Zilizobaki hazikuwa na punje za namna hiyo: limfositi zenye kiini cha mviringo kinachojaza karibu seli nzima, na zile kubwa zaidi ambazo leo tunaziita monositi.

Kwa maneno mengine, Ehrlich aliacha kuuliza chembe ina umbo gani peke yake, akauliza inapokea rangi gani. Hilo ndilo lililotoa makundi yanayosimama mpaka leo. Na majina yenyewe ni majina ya tabia ya rangi, si majina ya kazi. Alipoyatoa hakuna aliyejua kazi yao vizuri.

Faida ilionekana haraka. Mtu mwenye eosinofili nyingi anaweza kuwa na minyoo ao mizio, jambo ambalo wahudumu wa labo wa huku kwetu wanalijua vizuri. Leukemia, saratani ya damu, ilikuwa jina moja kwa hali tofauti. Kwa rangi zake iliwezekana kutenga ile inayotoka katika uboho na ile ya limfositi. Mwaka 1888 alieleza habari ya mwanamke kijana mwenye mimba aliyekufa kwa upungufu wa damu, ambaye uboho wake ulikuwa umegeuka mafuta matupu na hautengenezi chembe tena. Ugonjwa huo unatambuliwa mpaka leo, na maelezo yake ndiyo ya kwanza.

Hapa inafaa kuruka miaka zaidi ya mia moja, maana kazi hiyo ya Ehrlich ndiyo inayobishaniwa sasa katika hospitali kubwa za ulimwengu. Kuhesabu chembe nyeupe kwa jicho kunachosha. Mhudumu anaangalia chembe 100, mara nyingine 200, akibonyeza kidude cha kuhesabia. Na 100 ni chache. Kama ameona eosinofili 5 katika 100, hesabu ya uwezekano inasema ukweli wa damu ile unaweza kuwa popote kati ya 2 hivi na 11 hivi kwa mia. Wahudumu wawili wenye ujuzi sawa wanaweza kutoa majibu tofauti kwa kioo kile kile bila yeyote kufanya uzembe.

Ndiyo maana tangu miaka ya 1960 wahandisi wa Marekani walijaribu kufundisha mashine kutambua chembe kwa picha. Kutoka miaka ya 1990 kompyuta zilipata nguvu za kutosha, na leo mashine kama zile za kampuni ya CellaVision ya Sweden zinauzwa katika inchi nyingi. Mashine inachukua kioo kilichotiwa rangi, inatafuta chembe nyeupe moja moja, inapiga picha ya kila moja, kisha programu inazipanga kwa makundi na kuzionyesha kwenye skrini. Mhudumu anazipitia. Akiona limfositi imewekwa kwa monositi, anaihamisha.

Je, inaaminika? Namna ya kuipima ni kuilinganisha na watu: wahudumu wawili wenye uzoefu, kila mmoja anahesabu chembe 200 za kioo kile kile, na jumla yao ya 400 inakuwa kipimo cha kumhukumu mgeni. Kwa neutrofili na limfositi mashine kwa kawaida inakaribiana sana na watu. Kwa basofili ni vigumu zaidi, sababu ni chache mno. Kosa la chembe moja tu linageuza jibu. Pahali pa hatari ni chembe changa zisizokomaa, zile zinazotangaza leukemia. Hapo mashine inaweza kuzichanganya na limfositi ao monositi, na mgonjwa akarudishwa nyumbani. Kwa hiyo wale wanaozitumia vizuri hawaiachi mashine peke yake: picha zinapitiwa na mtu, na damu yenye shaka inarudi kwenye mikroskopi. Tena, mashine inayotafuta chembe nyeupe inaweza kupita juu ya kijidudu cha malaria kilichojificha ndani ya chembe nyekundu, kitu ambacho laborantini wa Uvira asingekiacha.

Kinachonishangaza ni kwamba mashine hizo bado zinategemea eosini. Rangi zilizofuata, za Mrusi Romanowsky mwaka 1891 na za Gustav Giemsa wa Hamburg mwaka 1904, zilichanganya eosini na buluu ya methilini, na Giemsa ndiyo inayotumika katika labo zetu kwa GE. Rangi ikiwa imezeeka ao maji ya kuoshea yana asidi nyingi, jicho la mtu linajirekebisha kidogo. Programu iliyofundishwa kwa picha nzuri inakosea tu. Ukinunua mashine ya bei kubwa bila kulinda ubora wa rangi, umenunua kamera.

Turudi Berlin. Jioni ya tarehe 24 Machi 1882, Ehrlich alikuwa ukumbini wakati Koch alipotangaza bakteria wa kifua kikuu. Akaenda kwenye labo yake usiku ule ule kutafuta namna bora ya kuwatia rangi. Inasimuliwa kwamba aliacha vioo juu ya jiko lililozimwa, mtumishi akaliwasha bila kujua, na joto likafanya rangi ishike kuliko wakati wowote. Namna hiyo ya kutia rangi kwa joto, ikiboreshwa na wengine, ndiyo mama wa kipimo cha makohozi kinachofanywa mpaka leo.

Mwaka 1883 alimuoa Hedwig Pinkus, binti wa familia ya wenye kiwanda cha nguo. Walizaa binti wawili, Stephanie na Marianne. Lakini Frerichs alikufa mwaka 1885, na mkuu aliyekuja baada yake alitaka Ehrlich ahudumie wagonjwa, si kuchezea rangi. Miaka hiyo ilikuwa migumu. Mwaka 1888 alikuta bakteria wa kifua kikuu katika makohozi yake mwenyewe, akawakuta kwa rangi. Yeye na mke wake wakaenda Misri kutafuta hewa kavu. Aliporudi Berlin amepona, hakuwa na kazi. Akafungua labo ndogo ya kujilipia, mpaka Koch alipomchukua katika taasisi yake mwaka 1891.

Mwaka ule ule, pamoja na Paul Guttmann, aliwapa wagonjwa wawili wa malaria buluu ya methilini. Wazo lilikuwa rahisi na la ajabu: kama rangi inashika kijidudu kwenye kioo, kwa nini isikishike ndani ya mwili? Wagonjwa walipata nafuu. Kwinini ilibaki bora zaidi, lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza rangi ya kiwandani kutumiwa kama dawa ya malaria.

Kisha akaingia katika mambo ya seramu. Emil Behring alikuwa amepata dawa ya dondakoo kutoka damu ya wanyama, lakini nguvu yake ilibadilika kutoka chupa moja hadi nyingine. Ehrlich ndiye aliyeipatia kipimo thabiti. Behring akapata utajiri na Nobeli ya kwanza ya uganga mwaka 1901. Urafiki wao ukaharibika. Ehrlich akawa mkuu wa taasisi ya Frankfurt kuanzia 1899. Nobeli yake ilikuja mwaka 1908, akiigawana na Mrusi Ilya Metchnikoff. Na hapa kuna kichekesho. Metchnikoff alishikilia kwamba mwili unajilinda kwa chembe nyeupe zinazomeza wadudu. Ehrlich, aliyezitambulisha chembe hizo kwa ulimwengu, alitia mkazo kwenye vitu vilivyomo ndani ya majimaji ya damu. Wote wawili walikuwa na sehemu ya ukweli.

Maeneo yetu yanaingia katika habari yake kwa njia ya malale, ugonjwa wa usingizi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa huo uliua watu wengi sana Congo na kandokando ya ziwa Victoria. Mwaka 1904 Ehrlich na Mjapani Kiyoshi Shiga waliponya panya wenye vijidudu vya jamii hiyo kwa rangi nyekundu waliyoiita trypan. Koch naye alitumia atoxyl, dawa yenye arseniki, katika visiwa vya Sese huko Uganda miaka ya 1906 na 1907. Baadhi ya wagonjwa walipofuka. Ehrlich na mkemia wake Alfred Bertheim walionyesha kwamba umbo la kikemia la atoxyl lilikuwa limeelezwa vibaya, na kwamba linaweza kubadilishwa. Wakaanza kutengeneza moja baada ya nyingine, kila moja na namba.

Namba 606 iliwekwa pembeni mwaka 1907 kama isiyo na faida. Mwaka 1909 Mjapani mwingine, Sahachiro Hata, aliijaribu tena kwa sungura wenye kaswende. Ilifanya kazi. Iliuzwa kuanzia 1910 kwa jina la Salvarsan, dawa ya kwanza ya kweli dhidi ya kaswende. Ilikuwa ngumu kutumia, na madhara hayakukosekana. Wapinzani walimshambulia vikali. Mwandishi mmoja wa Frankfurt alidai kwamba makahaba walilazimishwa kuijaribu, na mwaka 1914 mahakama ilimhukumu kifungo cha mwaka mmoja. Arseniki iliendelea kutumika kwa malale muda mrefu: melarsoprol, ndugu wa mbali wa dawa zile, ilichomwa wagonjwa wa Congo kwa miongo mingi, na wazee wa vijiji fulani wanakumbuka uchungu wake kwenye mshipa.

Wale waliofanya naye kazi walimkumbuka na kisanduku cha sigara kwapani. Alivuta sigara nene zipatazo 25 kwa siku na kula kidogo. Maagizo ya kazi aliyaandika kwenye vikaratasi vya rangi, na kama hakuna karatasi, kwenye ukingo wa shati lake. Alipenda riwaya za upelelezi. Pamoja na sifa zote, chuo kikuu hakikumpa uprofesa kamili mpaka 1914, na wengi waliona sababu ni Uyahudi wake, ambao hakukubali kuuacha. Mwaka huo huo alitia sahihi tangazo la wasomi 93 wa Ujerumani lililokana kwamba jeshi lao lilitenda maovu Ubelgiji. Maovu hayo yalitendeka, na sahihi hiyo ni doa ambalo hakuna rangi ya kulifunika.

Vita vilimchosha. Alikufa tarehe 20 Agosti 1915 huko Bad Homburg, akiwa na miaka 61, akazikwa katika makaburi ya Wayahudi ya Frankfurt.

Wanazi waliposhika utawala, jina lake liliondolewa kwenye barabara ya Frankfurt iliyokuwa ikiitwa kwa heshima yake. Hedwig, mjane mzee, alikimbilia Uswisi, kisha Marekani, akafa huko mwaka 1948. Baada ya vita barabara ilirudishiwa jina, na mwaka 1947 taasisi aliyoiongoza ikaitwa Paul-Ehrlich-Institut. Leo iko Langen, na ndiyo inayokagua chanjo za Ujerumani. Kutoka 1990 hadi kuja kwa euro, sura yake yenye ndevu na miwani ilikuwa kwenye noti ya mark 200, na upande wa nyuma palichorwa mikroskopi.